Msinzi Mfupi Si Mbegu Mbovu: Maelezo kwa Wapandaji wa Mikoko Pemba

Kadiri kampeni ya upandaji wa mikoko inavyokaribia, malalamiko yanayoletwa na vikundi vya mazingira vya vijijini hapa Pemba yanazidi kufanana. Wengi wanasema kuwa miche yao ilikufa kwa sababu ilitokana na mbegu mbovu, na ushahidi wanaoutoa ni wa macho: mbegu ziliokotwa chini ya misinzi (aina mojawapo ya mikoko) ya upande wa bahari, ambayo haimpiti mtu kimo, ilhali misinzi ya ndani ya mkondo, yanakochanganyika maji ya mto, ni mirefu na imenyooka. Sisi wa kitalu cha miche hatuna shaka na nia njema ya wanaolalamika. Hitimisho lao, hata hivyo, si sahihi, na limeshaanza kuleta madhara, kwani wapo wanaoamini kuwa miti hiyo mifupi haina thamani na hivyo si kosa kuikata kuni.

Huko Okinawa, Japani, watafiti walilinganisha miti ya msinzi (Bruguiera gymnorhiza, ambao wengine wetu huuita muia) iliyoota penye chumvi nyingi kando ya bahari na ile iliyoota juu zaidi kwenye mto. Ile ya baharini ilikuwa mifupi, kama tunavyoona kwetu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yanaonyesha kuwa miti ya penye chumvi ilikuwa na alama nyingi zaidi za methili (kemikali ndogo inayojibandika) juu ya vinasaba vyake, hasa kwenye vile vipande vinavyoweza kuhamahama na kuharibu jeni nyingine, na alama hizo huvinyamazisha. Kwa maneno mengine, mti uliobanwa na chumvi ulikuwa umeongeza ulinzi wa vinasaba vyake, na hilo si dalili ya mbegu iliyooza.

Elimu ya mambo haya huitwa epijenetiki. Maandishi ya vinasaba hayabadiliki hata herufi moja. Kinachobadilika ni namna yanavyosomwa: kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili hujibandika juu ya sitosini, mojawapo ya herufi za vinasaba, au protini za histoni, ambazo vinasaba vimezungushwa juu yake, hukaza au hulegea, na kwa hiyo jeni fulani hunyamazishwa na nyingine hufunguliwa. Mti hauwezi kuhama pale maji yanapozidi chumvi, na huishi miaka mingi kabla kizazi kipya hakijachukua nafasi yake, kwa hiyo uwezo wa kurekebisha usomaji wa jeni ndani ya uhai mmoja ni jambo kubwa kwake. Hapa hapana jeni iliyotoka maabara. Swali la kama miche yetu “imebadilishwa jeni” tumelijibu mara nyingi, na jibu ni lile lile: hapana.

Tahadhari inahitajika pia kwa wanaokwenda upande wa pili, wakidai kuwa kila mkoko wa penye chumvi una alama ile ile ya chumvi. Nchini Brazili, utafiti wa mwaka 2010 juu ya mkoko mwingine, Laguncularia racemosa, usioota kwetu, uligundua kuwa miti mifupi ya penye chumvi na miti mirefu ya kando ya mto ilitofautiana kidogo sana kwa vinasaba lakini ilitofautiana mno kwa alama za methili; ila huko, miti ya penye chumvi ndiyo iliyokuwa na methili chache. Hakuna, basi, “alama ya chumvi” moja inayofaa kila mkoko, na anayedai kuwa ameisoma kwa kuangalia jani anajidanganya.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi wa vitalu linatoka kwenye mti wa nchi za baridi. Watafiti wa Norway walichukua mbegu za msprusi zenye wazazi wale wale, lakini zilizokomaa katika joto tofauti. Miche iliyotokana na mbegu zilizokomaa penye joto iliendelea kukua muda mrefu zaidi kabla ya kufunga machipukizi yake kwa ajili ya baridi, na tofauti hiyo ilidumu kwa miaka. Kiini cha mbegu kilikuwa kimehifadhi kumbukumbu ya hali ya hewa kikiwa bado juu ya mama. Sasa uangalie msinzi: mbegu yake huota ikiwa ingali inaning’inia mtini, ikarefuka hadi kufanana na biri nene ya kijani, kisha ikaanguka na kofia yake nyekundu. Muda wote huo inalishwa na mama aliyesimama katika maji yale yale. Kwa sababu hiyo tunapendelea mbegu za upande wa bahari zipandwe upande wa bahari, na za mtoni zirudi mtoni.

Haifuati kuwa mche uteswe. Wapo waliomwagia miche michanga maji ya bahari siku ya kwanza ili “kuifundisha”, na yote ikafa. Chumvi huongezwa kidogo kidogo, na upandaji hufanywa wakati wa maji mafu, bahari isipojaa wala kukupwa sana, si kwenye bamvu, inapojaa na kukupwa sana.

Kila gunia linaloletwa kitaluni linaombwa liwe na karatasi mbili zenye maelezo sawa, moja ndani na moja imefungwa nje: shehia, tarehe ya kuokota, upande wa bahari au wa mto, makadirio ya urefu wa miti mama, idadi ya miti hiyo, na jina la kikundi. Tumieni penseli, kwa sababu wino hufutika ukipata maji. Juzi nilifungua gunia ambalo karatasi yake ilikuwa imebaki doa la buluu, na mbegu mia kadhaa zilizookotwa kwa jasho la watu hatukuweza kujua tuzirudishe wapi.

Kuhusu ukataji, Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ya usimamizi na uhifadhi wa rasilimali za misitu Zanzibar haimpi mtu ruhusa ya kukata mkoko kwa kuwa ni mfupi. Anayehitaji miti aanze kwa sheha wake na kamati ya uhifadhi ya shehia, kisha aombe kibali kabla ya kushika panga, si baada ya kukamatwa. Gunia lisilo na maelezo tutalipokea, lakini mbegu zake zitawekwa tuta la peke yake na hazitapandwa upande wa bahari.