Makazi ya usaidizi kwa wazee ni nini, na matunzo mazuri unayajuaje

Ukitaja makazi ya wazee hapa Tanga, mtu wa kwanza atakwambia Mwanzange, yale ya serikali, na wa pili atasema astaghafirullah, mimi nimpeleke mama yangu huko, watu wa Ngamiani si watanimaliza kwa maneno. Yale makazi ya serikali yana kazi yake, ni ya wazee wasio na ndugu wa kuwatunza wala kipato, na mkoa wetu unawajua sana wazee wa namna hiyo maana mashamba ya mkonge yalileta watu kutoka Kigoma, Njombe, Msumbiji, Rwanda na Burundi, wale walioitwa manamba, wakakata mkonge mpaka uzee ukawakuta kambini, bei ya mkonge ikaanguka, kwao hawakurudi na hapa ukoo hawana. Lakini hiyo ni aina moja tu ya matunzo. Kuna nyingine ambayo sasa watu wanaanza kuiulizia, hasa wale ambao watoto wote wako Dar au Uarabuni na bi mkubwa kabaki Makorora na hausigeli wa miaka kumi na saba.

Makazi ya usaidizi ni mahali ambapo mzee ana chumba chake au kinyumba chake, ufunguo anao yeye, kitanda na picha za ukutani ni zake, na kuna wahudumu mchana na usiku wa kumsaidia yale ambayo mwili umeyashindwa. Yale anayoyaweza anayafanya mwenyewe. Siyo hospitali, manesi wanaweza kuwepo lakini siyo wodi, na mtu mwenye ugonjwa mzito wa kuhitaji drip na oksijeni kila siku hapo siyo pake. Yaani iko katikati, kati ya kuishi mwenyewe kabisa na kulazwa.

Wazo hili kwa sura yake ya sasa limetoka Marekani, jimbo la Oregon. Mama mmoja anaitwa Keren Brown Wilson, ambaye mama yake mzazi alipata kiharusi akiwa na miaka 55 tu na maisha yake yaliyobaki akayapitisha kwenye nyumba za kulelea wagonjwa na wazee, wenyewe wanaziita nursing home, alijiuliza kwa nini mtu akishindwa kutembea ndo anyang'anywe na mlango wa kufunga. Mwaka 1983 akafungua nyumba pale Portland, kila mzee na mlango unaofungwa kwa ndani, jiko dogo, na ruhusa ya kulala na kuamka saa anayotaka. Watu walimwona hajielewi, wazee wataunguza nyumba hawa! Nyumba ikaendelea, na mfumo ukasambaa nchi nzima. Ulivyosambaa ndo pakaingia na wafanyabiashara waliochukua jina wakaacha ule mlango, na hilo litatokea na kwetu pia kama hatujui cha kuuliza.

Sasa watajuaje mzee asaidiwe nini? Hapo kuna kipimo cha daktari Sidney Katz na wenzake, kilitolewa 1963 na mpaka leo kinatumika dunia nzima, kinaangalia vitu sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani na kuhamia kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Aliona kuwa kwa kawaida uwezo hauondoki ovyoovyo, kuoga ndo huanza kushindikana mapema na kula mwenyewe huwa cha mwisho kupotea. Kwa hiyo ukiona mzee anakwepa kuoga usianze kumsema kwamba amekuwa mchafu siku hizi, pengine anaogopa kuteleza na ana aibu kusema. Kuna kipimo kingine cha 1969 kinachoangalia mambo ya juu kidogo, kupiga simu, kwenda sokoni, kupika, kufua, kusafiri, kumeza dawa kwa mpangilio, kushika hela. Wengi wanaohitaji makazi ya usaidizi hili la pili ndo limewaangusha kwanza.

Kwenye vitu hivyo sita ndo unaona tofauti ya matunzo mazuri na mabaya, wala siyo kwenye vigae vya sebuleni. Chukua kuvaa. Bi mkubwa amepata kiharusi, mkono wa kushoto umelegea. Mhudumu anayejua kazi anaanza na mkono mgonjwa, ule uliolegea unaingia kwenye gauni kwanza, halafu ule mzima, na wakati wa kuvua ni kinyume chake, mzima unatoka kwanza mgonjwa mwisho, hapo hakuna kuvutana wala bega kuuma. Alafu, hapa ndo penyewe, anamwachia vifungo. Bi mkubwa atafunga vifungo vitano kwa dakika kumi kwa mkono mmoja, atakosea kimoja, atarudia. Mhudumu mwenye haraka angevifunga kwa nusu dakika na ukimwangalia utasema masha'Allah huyu ndo mchapakazi, kumbe kila siku anayomfungia anamzoesha kutojiweza na vidole vinazidi kuganda. Hiyo namna ya kuhurumia inadhuru, na kwa kweli majumbani kwetu tunaifanya zaidi kuliko huko kwenye makazi, mama usiinuke mama kaa, mama acha nitafanya mimi. Mpaka siku akitaka kuinuka miguu haipo.

Ustawi ni kitu kingine tena. Mzee anaweza kuwa msafi, kashiba, presha iko sawa, na bado anakufa kwa ndani. Daktari Bill Thomas alipewa kusimamia nyumba ya wazee kule New York mwaka 1991 akasema kinachowaua hawa ni vitu vitatu, upweke, kujiona hana faida wala uwezo, na siku kutokuwa na ladha. Akaingiza mbwa, paka, ndege kama mia hivi na mimea vyumbani, wazee waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Kabla yake, 1976, watafiti Langer na Rodin huko Connecticut waliwapa wazee wa kundi moja mmea wautunze wenyewe na kuamua mambo madogo madogo ya siku yao, kundi la pili wakapewa mmea pia ila ukatunzwa na manesi na wakaambiwa tutawafanyia kila kitu. Baada ya miezi 18 kundi la kwanza walikuwa wamefariki 7 kati ya 47, la pili 13 kati ya 44. Ni watu wachache, siyo wa kuapia, lakini mtu yeyote aliyekaa na babu yake anajua kuna ukweli humo.

Mmea siyo lazima, kwetu vitu vipo vingi tu. Mzee wa Tanga mtolee kiti barazani jioni apate kahawa chungu na wenzake, mwekee bao, mwache abishane habari za Coastal Union na African Sports, huyo hutampa dawa ya usingizi. Nilishamwona mzee mmoja, mstaafu wa reli, analetewa maji ya kuoga saa tatu asubuhi kwa sababu ndo zamu ya asubuhi inakuwa imetulia, na yeye anaamka kabla ya adhana ya alfajiri anataka maji ya udhu. Kila siku ugomvi, wakamwandika mkorofi. Alipokuja kijana wa zamu ya usiku akawa anamwachia kopo na beseni karibu na kitanda na kiti cha kukalia, ukorofi ukaisha siku hiyohiyo. Hakuna aliyempa dawa, kaulizwa tu anataka nini na saa ngapi. Na ndo maana kwenye makazi ya maana kila mzee anakuwa na mpango wake ulioandikwa, anapenda nini, anaswali au anasali wapi, anaamka saa ngapi, chai anaitaka na iliki au bila, na mpango unapitiwa upya hali yake ikibadilika.

Upande wa usalama nitapita haraka ila msipuuze. Kuanguka ni jambo kubwa, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani kuanguka ni ya pili duniani kwa vifo vya ajali zisizokusudiwa, na wanaokufa wengi ni wazee. Vinavyoangusha tunavijua, kandambili zilizolika, kapeti lililokunjika, taa ya korido iliyoungua toka mwezi uliopita, na choo cha kuchuchumaa ambacho mtu wa magoti mabovu akishuka hapandi. Weka choo cha kukaa, weka bomba la kushikilia ukutani, umemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni dawa. Mzee anayekula dawa aina tano na zaidi yuko kwenye hatari, na hapo kuna piriton ambayo kila duka la dawa wanagawa kama karanga, mafua piriton, kuwashwa piriton, hajalala piriton, wakati kwa mtu mzima sana inaleta usingizi, kuchanganyikiwa, mkojo kugoma na kuanguka, na iko kwenye ile orodha maarufu ya dawa za kuepuka kwa wazee aliyoianzisha daktari Mark Beers 1991. Kwa hiyo makazi mazuri wana daftari la dawa na mtu wa kulipitia mara kwa mara na kuuliza hii bado ya nini.

Halafu hili. Mzee aliyekuwa timamu juzi, leo anaongea vitu havieleweki, anaona watu hawapo. Tanga tena, mtu anakimbilia kusema majini. Kabla ya mganga pima mkojo, pima sukari, pima malaria, angalia amekunywa maji kiasi gani, maana maambukizi ya mkojo na kukaukiwa maji kwa wazee vinakuja hivyohivyo, bila homa wakati mwingine, na kiu kwa mtu mzima inapungua kwa hiyo hataomba maji, inabidi apelekewe. Dimensia, yaani kumbukumbu na akili kupotea uzeeni, ni tofauti, yenyewe inakuja taratibu kwa miezi na miaka, na siyo ya wazungu peke yao, utafiti wa wilaya ya Hai kule Kilimanjaro uliwakuta nayo asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi. Huyo hafungwi kamba kitandani eti asitoke. Kufungwa kunaleta vidonda na hasira, na akijitahidi kutoka anaumia vibaya zaidi. Anayezurura anatengenezewa pa kuzunguka, ua wenye geti na mti wa kukaa chini yake.

Yupo daktari mmoja, Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut, mwaka 1966 aliandika kwamba ubora wa huduma uangaliwe sehemu tatu, vilivyopo, yanayofanyika na matokeo. Vilivyopo ni majengo, vitanda, watu wangapi kazini. Yanayofanyika ni kama mzee asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya masaa mawili kweli au ni kwenye daftari tu. Matokeo ni vidonda vya mgongo vingapi, wameanguka wangapi, na kilo. Kilo jamani pimeni kila mwezi, mzee wa kilo 60 akipungua 3 ndani ya mwezi bila kukusudia, huo ni upungufu wa kutisha, inaweza kuwa meno, inaweza kuwa huzuni, inaweza kuwa chakula kinaletwa kimepoa na hakuna wa kumsogezea. Ndugu wengi wakitembelea wanaangalia sehemu ya kwanza tu, wanaona feni na tv ya ukutani wanaridhika.

Mimi ukiniuliza kitu kimoja cha kuanza nacho kuboresha, siyo jengo, ni wahudumu. Mzee ahudumiwe na watu walewale kila siku, siyo leo huyu kesho yule, kwa sababu anayemjua ndo atagundua kwamba leo uji kauacha nusu. Na hao wahudumu hawatakaa kama mshahara unachelewa na mtu mmoja anapewa wazee kumi na tano usiku peke yake. Mafunzo pia, namna ya kuinua mtu bila kujivunja mgongo, namna ya kumwogesha mtu huku umemfunika kanga. Mhudumu aliyechoka na kutukanwa hatakuwa na subira ya vifungo vitano.

Gharama ndo kikwazo, hilo tusidanganyane. Zanzibar toka 2016 wanatoa pensheni kwa kila mzee aliyefika miaka 70, bara hatuna ya wote namna hiyo, tuna Sera ya Taifa ya Wazee iliyotungwa 2003 na matibabu bure kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, lakini mambo ya chumba na mhudumu yanabaki kwa familia. Kwa hiyo wengi wataendelea kutunzia nyumbani, na sawa tu, yote niliyosema hapo juu yanafanyika na nyumbani, hausigeli anafundishika, bomba la kushikilia chooni fundi wa Barabara ya 12 anachomelea kwa hela kidogo.

Ila kama kuna mahali mnapaangalia, nendeni mchana saa ya chakula bila kupiga simu kwanza, kaeni mwone wazee wangapi wanakula wenyewe na wangapi wanalishwa kwa haraka. Ongeeni na mzee mmoja pembeni, mpeni shikamoo mkae naye kidogo, muulizeni akitaka kulalamika anamwambia nani na mara ya mwisho aliposema kilifanyika nini. Muulizeni msimamizi usiku wanabaki wahudumu wangapi na majina yao. Akianza kuwazungusha kwenye vyumba vipya, rudieni swali.