Sindano ya Insulini Nyumbani: Mtoto Hajala, Je, Nimchome?

Kwa nini achomwe kila siku? Hakuna vidonge?

Katika kisukari aina ya kwanza, kongosho limeacha kutengeneza insulini. Bila insulini, sukari inabaki kwenye damu na mwili unakosa nguvu. Insulini ikimezwa inasagwa tumboni kama chakula kingine, ndiyo maana inachomwa. Vile vidonge vya kisukari vya bibi si vya mtoto, msivijaribu.

Leo ana homa, anatapika, hajala kitu. Si niiache sindano?

Hapana. Usiiache.

Watoto wengi tunaowapokea mahututi wamefikia hapo kwa njia hii. Mzazi anapiga hesabu: chakula hakuna, basi sukari hakuna, basi sindano ya nini? Hesabu hiyo si sahihi. Mtoto akiugua, ini lake lenyewe linamwaga sukari kwenye damu, na homa inaizidisha. Insulini ikikosekana mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake, na damu inajaa tindikali. Tumbo linauma, anatapika, anahema kwa kasi na kwa kina, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, kisha anaanza kusinzia. Nyumbani wanasema ni malaria. Inanunuliwa dawa dukani, siku inapita, na sindano bado hajachomwa!

Mpime sukari kila baada ya saa 2 hadi 4, mnyweshe maji kidogo kidogo, na upige simu kliniki mwambiwe dozi. Inaweza kupunguzwa, inaweza hata kuongezwa. Kupunguza kwa maelekezo sawa, kuacha hapana.

Na nikipima sukari nikakuta 3.5 (kwa kipimo cha mmol/L)?

Chini ya 4 sukari imeshuka, hiyo inatibiwa kwanza. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, umpime tena baada ya dakika 15. Ikipanda, piga simu kuuliza dozi. Akiwa amepoteza fahamu usimnyweshe chochote. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Sukari imetulia miezi miwili sasa. Amepona?

Hajapona. Miezi ya mwanzo kongosho huwa na nguvu kidogo iliyobaki, kwa hiyo dozi hushuka. Ni kipindi hicho hicho ambacho wauza dawa za miti hujipatia sifa. Maombi hatuyazuii, ila mchomeni kwanza.

Analia, tunakimbizana naye nyumba nzima.

Usimdanganye kwamba haiumi. Na tafadhali, acheni kumtishia mtoto "ukikorofisha nitakuchoma", halafu jioni mnashangaa anajificha chini ya kitanda. Mwache achague paja la kushoto au la kulia. Insulini iliyotoka kwenye friji muda huo huo inauma zaidi, itoe mapema. Badilisha sehemu: tumbo, mapaja, makalio. Ukichoma pale pale kila siku panaota uvimbe; mtoto atapapenda kwa kuwa hapaumi, lakini dawa haiingii vizuri.

Akishajua kujichoma mwenyewe, mtu mzima asimame pale aone dozi inavutwa na inaingia. Kuuliza "umechoma?" ukiwa jikoni si kumsimamia.

Hatuna friji.

Kichupa kinachotumika hudumu takriban wiki 4 mahali pa ubaridi, mbali na jua na jiko. Kifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, ukiweke ndani ya mtungi wa udongo. Iliyoganda kwa barafu tupa.

Lini nisisubiri siku ya kliniki?

Akitapika mfululizo, akihema kwa kasi, akisinzia isivyo kawaida, au sukari ikipita 15 na kukataa kushuka. Mashine ikiandika HI haijaharibika: sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Nendeni hata usiku wa manane, na insulini yake mkononi. Mkifika, neno la kwanza liwe "ana kisukari", kabla hajapelekwa kupimwa malaria.