Jiwe liache lilipo: urithi wa miamba Kigoma unavyopimwa

Tangu habari za kuorodhesha urithi wa kijiolojia wa Kigoma (miamba na maumbo ya ardhi yenye thamani ya kisayansi) zisikike, watu wanatuletea mawe kwenye viroba, na swali ni lile lile: "Hili shilingi ngapi?" Tathmini hii haitoi bei. Na jiwe likishang'olewa, sehemu kubwa ya thamani yake imebaki shimoni, kwa sababu kinachopimwa ni mwamba ukiwa mahali pake.

Wengine wanasema urithi wa volkano ni wa visiwani: Komoro na Karthala yao, Cabo Verde na Fogo. Kigoma volkano hai haina, kweli. Lakini lava za Gagwe zilimwagika mkoani humu takribani miaka milioni 800 iliyopita, Ziwa Tanganyika likiwa bado halijakuwapo. Zina vijitundu vya mapovu ya gesi, vilivyojazwa baadaye na punje nyeupe za madini. Kwaruza punje kwa msumari: ikichubuka, huenda ni kalsiti, madini laini; msumari ukiteleza, yaelekea ni kwatzi, madini magumu. (Na ziwa si kreta, yaani shimo la volkano, tafadhali. Ni bonde lililodidimia kati ya mipasuko ya ardhi, hadi kina cha mita 1,470.)

Mfumo unaotumika sana kupima thamani ya kisayansi ya mwamba una vigezo 7, kila kimoja kikipewa alama 0, 1, 2 au 4. Alama 3 haipo, makusudi. Alama huzidishwa kwa uzito wa kigezo: uwakilishi 30, kuwa eneo la marejeo 20, ukamilifu 15, upekee 15, urahisi wa kufanyia utafiti 10, machapisho yaliyopo 5, wingi wa aina za maumbo 5. Kilele ni 400.

Makosa mengi yako kwenye upekee. Kwanza andika mpaka wa eneo linalolinganishwa. Mfano pekee ndani ya mpaka hupata 4. Ikiwepo miwili au mitatu, 2. Minne au mitano, 1. Kwa hiyo basalti ya kawaida, mwamba wa lava iliyopoa, ambayo Ngazija, kisiwa cha Karthala, imejaa tele kwa kuwa kisiwa chenyewe ni lava, pale inaweza kukosa alama na hapa ikazipata zote. Anayebadilisha mpaka katikati ya kazi aanze upya.

Ukamilifu nao una mambo yake. Surtsey, kisiwa cha Aisilandi kilichozuka baharini mwaka 1963, kilikuwa na kilomita za mraba 2.7 mlipuko ulipokoma 1967. Mawimbi yamekimega hadi karibu nusu. Huko Fogo, lava ya 2014 na 2015 ilifunika vijiji vya Portela na Bangaeira, na lava hiyo hiyo sasa ni urithi. Kwetu anayemega ni nyundo ya kokoto. Mwamba ukishuka kutoka 4 hadi 1 umepoteza alama 45, na hakuna saruji ya kuzirudisha.

Hatari ya kuharibika hupimwa kando, nayo kwa alama zinazozidishwa kwa uzito: udhaifu wa mwamba 35, ukaribu na shughuli haribifu 20, ulinzi wa kisheria 20, kufikika 15, msongamano wa watu 10. Jumla ikizidi 300, hatari ni kubwa. Machimbo yakiwa chini ya mita 50, kigezo cha ukaribu tayari kina 4.

Sasa sheria. Mawe ya ujenzi ni madini, na kuyachimba kwa biashara kunahitaji leseni hata shambani kwako. Leseni ya uchimbaji mdogo hudumu miaka 7, lakini haifuti kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinachozuia shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mwamba kuorodheshwa si tangazo la hifadhi, wala hakugusi hati ya mtu. Kutoorodheshwa nako si kibali.

Ukiona mwamba unaostahili, leta picha tatu: ya mbali, ya karibu, na ya karibu kabisa ikiwa na rula au kalamu kando. Subiri GPS itulie kabla ya kunakili namba, kisha andika jina la kitongoji. Jiwe lenyewe usilete.