Je, wajua chembe za chuma hupimwaje kwa picha ya hadubini?

Simama karibu na bati jipya lililopakwa zinki, lile lenye maua yanayometameta. Kila ua ni chembe moja ya zinki: fuwele moja ambayo atomi zake zimejipanga safu safu kuelekea upande mmoja. Ua la jirani limeelekea kwingine, ndiyo maana linang'aa tofauti. Nondo na spana nazo zimejengwa hivyo hivyo, ila chembe zake ni ndogo mno, mara nyingi mikroni 10 hadi 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu una kama mikroni 70.

Ukubwa wa chembe hizo una maana kubwa. Chuma kinapopinda, safu za atomi huteleza ndani ya chembe, na zikifika mpakani hukwama kwa sababu ng'ambo safu zimeelekea kwingine. Chembe zikiwa ndogo, mipaka inakuwa mingi, na chuma hukataa kupinda. Watafiti E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953 walionyesha kanuni yake: nguvu inayoletwa na mipaka huongezeka maradufu upana wa chembe ukishuka hadi robo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba njia nyingi za kuongeza nguvu hukifanya chuma kivunjike kirahisi, lakini hii hukipa nguvu na ustahimilivu kwa pamoja.

Sasa, unazionaje? Kipande husuguliwa kwa msasa wa maji namba 240, kisha 400, 600 na 1200. Kila ukibadilisha msasa unageuza upande wa kusugua, na huendi mbele hadi mikwaruzo ya msasa uliopita iishe yote. Hufuata unga wa almasi wa mikroni 3, halafu wa mikroni 1, hadi uso wake uwe kioo. Ukikiweka chini ya hadubini wakati huo, utaona weupe mtupu. Ndipo unakichovya sekunde chache katika alkoholi yenye asidi ya nitriki asilimia 2. Atomi za mpakani hazijashikana sawasawa, kwa hiyo asidi hula pale kwanza na kuchimba mfereji mwembamba. Mwanga unaoangukia mfereji huo haurudi kwenye lenzi, na mpaka unaonekana kama mstari mweusi. Mwanasayansi Henry Clifton Sorby aliutazama uso wa chuma kwa namna hii huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1863.

Picha ikishapigwa, programu kama ImageJ huigeuza iwe nyeusi na nyeupe, hukondesha mistari hadi upana wa nukta moja, kisha huhesabu vyumba vilivyozungukwa na mistari. Kabla ya hapo lazima ifundishwe kipimo, kwa kupiga picha kioo chenye rula ya milimita 1 iliyogawanywa mara 100.

Tuhesabu mfano. Picha ina milimita 0.5 kwa 0.4, yaani milimita mraba 0.2. Chembe nzima ziko 380, na 84 zimekatwa na ukingo wa picha. Za ukingoni huhesabiwa nusu nusu, kwani nusu nyingine ni ya picha ya jirani: 380 na 42 ni 422. Gawanya kwa 0.2, unapata chembe 2,110 kwa milimita mraba. Kila moja ina wastani wa mikroni mraba 474, na kipeuo chake cha pili, yaani upana wa chembe, ni karibu mikroni 22. Katika kipimo cha Marekani cha ASTM E112, hiyo ni namba 8. Namba ikipanda, chembe ni ndogo zaidi.

Lakini tumepima uso uliokatwa tu. Pitisha kisu kwenye gunia la machungwa: mengine yatakatwa katikati, mengine pembeni, na utaona duara kubwa na ndogo hata kama machungwa yote yalilingana. Kwa hiyo chembe inayoonekana ndogo huenda ni kubwa iliyokatwa nchani, na kupima chembe chache ni kujidanganya. Zinatakiwa mamia, kutoka sehemu kadhaa za kipande.

Tena kompyuta huhesabu mistari, haijui chembe. Asidi ikila kidogo, mpaka unakatika na chembe mbili huhesabiwa moja. Mkwaruzo wa msasa ukibaki, chembe moja hugawanywa mbili. Kwenye shaba ya manjano kuna pia mistari iliyonyooka kabisa, miwili miwili, ndani ya chembe ileile. Hao huitwa pacha, yaani sehemu ya chembe ambayo safu zake za atomi zimegeuka kama taswira kwenye kioo, na kawaida hawahesabiwi kama mipaka, ila programu haiwatambui isipoelekezwa. Mimi nikipewa jibu la mikroni 22, huomba kwanza mistari iliyochorwa na kompyuta iwekwe juu ya picha halisi, kisha naifuata mipaka mmoja mmoja kwa jicho.