D.O. ni daktari wa aina gani? Osteopathi kwa lugha ya kawaida

Mama mdogo alinipigia simu kutoka Ohio saa tano usiku, mgongo umemkaza wiki ya tatu, kazi yake ni kupakia maboksi kwenye ghala shifti ya usiku, na bima ilikuwa imempangia daktari ambaye mwisho wa jina lake hakukuwa na M.D., zile herufi za daktari alizozizoea, kuna D.O. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni daktari kweli au ni mtu wa kuchua?" Alikuwa anataka kufuta appointimenti kabisa. Na si yeye peke yake, nawajua Waswahili kibao huku Marekani wakiona hizo herufi mbili wanaruka wanatafuta jina lingine, wanasubiri miezi miwili bure wakati daktari mzuri alikuwepo wiki hii hii.

Kwa kifupi, Marekani D.O. ni daktari wa tiba ya osteopathi na ni daktari kamili. Anaandika dawa, anapasua, anazalisha, yuko ICU, yuko jeshini, ana leseni kwenye majimbo yote 50. Anamaliza chuo kwanza, anasoma udaktari miaka 4, halafu anaingia mafunzo ya hospitalini miaka 3 mpaka 7 hivi kutegemea fani aliyochagua, na tangu 2020 hayo mafunzo yako chini ya chombo kimoja, M.D. na D.O. wanakaa wodi moja wanafundishwa na mabosi wale wale. Siku hizi karibu mwanafunzi mmoja kati ya wanne wa udaktari Marekani yuko chuo cha D.O. Sean Conley aliyekuwa daktari wa Trump alipougua korona 2020 ni D.O., na Kevin O'Connor aliyekuwa daktari wa Biden naye ni D.O. Nilipomtajia hao wawili mama mdogo akanyamaza kidogo, akasema haya nitaenda.

Sasa tofauti iko wapi? Iko mikononi. Juu ya masomo yote ya udaktari, D.O. anaongezewa kama saa 200 za kujifunza kuusoma mwili kwa vidole, kujua msuli gani umekaza, kiungo gani hakisogei sawa, na kukitibu hapo hapo. Hiyo tiba ya mikono wanaiita O.M.T.

Aliyeanzisha haya mambo ni Andrew Taylor Still, mzaliwa wa Virginia, 1828. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ilimuulia watoto watatu na yeye mwenyewe ni daktari, hakuna alichoweza kufanya. Tukumbuke udaktari wa zama zile ulikuwa watu wananyweshwa zebaki, wanatolewa damu, wanapewa afyuni, kwa hiyo mzee akavunjika moyo na dawa akaanza kutafuta njia nyingine, 1874 akatangaza falsafa yake na 1892 akafungua chuo Kirksville, Missouri, na darasa la kwanza kabisa lilikuwa na wanawake, kitu ambacho vyuo vingi vya wakati huo havikutaka. Alikosea pia, tuseme ukweli, alizikataa dawa karibu zote na akaupa mfupa uzito kuliko unavyostahili. Waliokuja baada yake wakaingiza masomo ya dawa vyuoni na kufuata sayansi kama madaktari wengine, lakini mambo mawili waliyashika mpaka leo, kwamba mgonjwa ni mtu kamili siyo kiungo kimoja, na kwamba daktari lazima amguse mgonjwa.

Twende kwa mama mdogo. Ananiambia daktari hakuanza na mgongo, alianza kumuuliza analalaje, anavaa viatu gani kazini, anageukaje akinyanyua boksi, anakula saa ngapi. Akampima presha. Ndo akamlaza, akapitisha vidole pembeni ya uti wa mgongo taratibu mpaka mama mwenyewe akashtuka "hapo hapo!" Halafu akamwambia asukume mguu kwenye mkono wa daktari sekunde chache, alegeze, daktari anaupeleka mguu mbele kidogo, tena asukume, alegeze. Hiyo ni njia mojawapo tu. Kuna nyingine unawekwa mkao ambao maumivu yanapoa unatulia hapo kama dakika moja na nusu, na kuna ile ya kusukumwa ghafla ukasikia "ka!" ambayo watu wanadhani ni mfupa umerudi mahali pake, siyo, ni gesi tu kwenye ute wa kiungo.

Je inafanya kazi? Kwa mgongo wa chini ndiko ushahidi uko vizuri kuliko kwingine. Kuna utafiti ulitoka 1999 kwenye jarida la udaktari la New England Journal of Medicine, walichukua wagonjwa wa mgongo wakawagawa, wengine tiba ya kawaida wengine tiba ya mikono, baada ya wiki 12 wote walikuwa wamepata nafuu sawa sawa, ila wa mikono walitumia dawa kidogo zaidi. Kuna mtu atasema kama ni sawa faida iko wapi, faida ni hiyo hiyo ya kumeza dawa kidogo! Sisi tunaomeza diklofenaki kama karanga tunajua vidonda vya tumbo na figo zinavyoharibika, na Marekani yenyewe dawa kali za maumivu zimeua watu wengi sana. Kwa mambo kama pumu au masikio ya watoto ushahidi ni mwembamba, na ile aina ya tiba ya mikono ya kushika fuvu la kichwa mimi nisingelipia.

Pia wapo D.O. wengi hawatumii mikono kabisa kwenye kazi yao, kwa hiyo ukipiga simu kliniki uliza kabisa, daktari anafanya O.M.T. au hafanyi.

Na neno linabadilika ukivuka mpaka. Uingereza osteopathi ni mtaalamu wa mikono, ana sheria yake ya 1993 na lazima asajiliwe, ila siyo daktari na hakuandikii dawa. Nyumbani usimchanganye na daktari bingwa wa mifupa kama wale wa MOI pale Muhimbili, wale wanapasua na kuunga mifupa. Mtu akijiita osteopathi Dar au Nairobi muulize kasoma wapi na kasoma nini kabla hujampa shingo yako.

Na kuna mgongo ambao haukandwi. Mkojo ukigoma au ukianza kutoka wenyewe, ganzi kati ya mapaja, miguu kuishiwa nguvu, hiyo ni emajensi ya usiku huo huo. Homa za jioni na kukonda na maumivu yanayokuamsha usiku, kwetu hiyo inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, kapigwe picha ya mgongo hospitalini kwanza. Wazee wenye mifupa dhaifu wasisukumwe kwa nguvu.

Mama mdogo alirudi mara tatu, akapewa na mazoezi ya kufanya sakafuni kabla ya shifti, mgongo ukaachia. Lakini ile presha aliyopimwa siku ya kwanza ilikuwa juu sana na alikuwa hajui, sasa anameza kidonge kila asubuhi, na anayemwandikia ni huyo huyo D.O.