Wito maana yake nini, na kwa nini huendi kuutafuta

Kuna dogo hapa Uyole, Mbeya, huu ni mwaka wa tatu tangu amalize chuo, ajira hamna, anashinda na mama yake kwenye kibanda cha viazi, juzi akaniuliza, kaka hivi mtu unaujuaje wito wako, maana mi nimefunga na kuomba nautafuta siuoni.

Nikamwambia tuanze na neno lenyewe. Wito limetoka kwenye kuita, kwa hiyo lazima awepo anayeita, na wewe kazi yako ni kuitika, naam au abee kama tulivyofundishwa utotoni. Hata samansi ya mahakama ni wito, na hakuna mtu anayezunguka mtaani kuitafuta, inakufuata hukohuko ulipo. Ndo tofauti ya wito na ndoto: ndoto unaianzisha mwenyewe, wito kauanzisha mwingine, na kwa sisi tunaoamini huyo mwingine ni Mungu. Kipaji nacho ni kitu kingine, ni kifaa tu, unaweza kuwa na sauti nzuri ya kwaya na usiwe umeitwa kuimba.

Sasa huku kwetu ukisema fulani ana wito watu wanaelewa anaenda kuwa mchungaji au sista, basi. Lakini soma Kutoka 31, Bezaleli anajazwa roho ya Mungu ili awe fundi, achonge mbao, afue dhahabu na fedha, hakupewa hata mimbari. Martin Luther kwenye karne ya 16 aliligombania hilohilo, kwamba mkulima na mfanyakazi wa ndani nao wameitwa, sio watawa peke yao. Na wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 hawakuishia kuhubiri tu, useremala na ujenzi wa matofali ulikuwa sehemu ya misheni, kwa hiyo wazee wetu waliiona imani ikiwa imeshika randa kabla hatujaanza kuifungia jumapili.

Halafu kuna matumizi mengine ya hili neno ambayo mi yananikera kweli. "Ualimu ni wito", "unesi ni wito", ukisikiliza vizuri mara nyingi linasemwa pale mtu anapouliza hela yake iko wapi, yani wito unageuzwa kufuli la mdomo. Niliwahi kufundisha shule moja, jina naliacha, mshahara ulichelewa miezi minne na kila tukiuliza tunaambiwa tukumbuke wito. Biblia haiko hivyo kabisa, Yesu anasema mtenda kazi anastahili ujira wake, na Yakobo 5:4 inasema ujira wa vibarua waliovuna shamba ukizuiliwa unapiga kelele mpaka Mungu anausikia. Paulo aliitwa na bado alishona mahema apate kula. Kuitwa hakukuondolei bei ya unga.

Dogo akasema sawa, ila hiyo sauti nitaisikiaje. Hapo ndo nampendaga Samweli wa kwenye Biblia, yule kijana aliyemtumikia kuhani Eli. Aliitwa akakimbilia kwa Eli, akaitwa tena akakimbilia kwa Eli, mara ya tatu vilevile, na aliyegundua ni nani anaita hakuwa Samweli, ni yule mzee ambaye macho yameshafifia. Yani sauti ilikuwa kweli na mwenyewe hakuitambua mpaka mtu mwingine alipomwambia, na alikuwa amelala tu mahali pake pa kazi, hakupanda mlima wowote. Kwa hiyo mi naona ni vizuri kuuliza watu wanakuita kufanya nini, sio mara moja, mara ya tatu na ya nne, hasa wale ambao hawana cha kukulipa, halafu umpelekee mtu mzima anayekujua akusikilizie, maana tumbo nalo lina sauti na sifa zina sauti.

Akacheka akasema basi wito wangu ni viazi. Inawezekana, viazi vinalisha watu. Ila nikiwa pale pale kibandani akaja bibi mmoja na barua ya mgogoro wa shamba, hajui kusoma, dogo akamsomea taratibu akamwelezea na kumwandikia jibu, mama yake akaguna, huyu ni wa nne leo, hata magunia hajapanga. Bibi akasema ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka, na nyuma yake kulikuwa na baba kasimama anasubiri na bahasha yake.