Neema si tokeni za stima

Nshachoka kuisikia hii sentensi, kwa hivyo leo naiandika nimalizane nayo. Wiki iliyopita jioni nimeshuka stage ya Bombolulu nikakutana na mama mmoja wa darasa langu la waumini wapya, anauza mahamri na mbaazi hapo karibu, miezi miwili hajakanyaga kanisani. Nikamuuliza mama vipi, mbona umepotea? Akainamisha kichwa. "Pasta, neema iliniishia. Nilimtukana mwenye nyumba matusi hata siwezi kuyarudia mbele yako. Wacha nijiweke sawa kwanza ndio nirudi."

Iliniishia! Kama tokeni za stima, mita imelia usiku, giza, sasa mpaka utafute pesa ununue zingine. Na sio yeye peke yake, nimeisikia kwa wanakwaya, kwa wazee wa kanisa, watu waliookoka zamani kabisa, wote wana hii mita kichwani: ukifunga siku tatu inapanda, ukienda kesha inapanda, ukianguka inashuka, na "kukua katika neema" kwao ndio kuijaza hiyo mita.

Hebu tusome kilichoandikwa. 2 Petro 3:18, kueni katika neema. KATIKA. Hakusema kueni ili mpate neema, wala kueni mpaka muifikie. Mnazi haukui ili upewe udongo, unakua kwa sababu uko ndani ya udongo tayari, na siku majani yakianza kunyauka huung'oi ukauegemeza ukutani upone kwanza ndio uurudishe shimoni, jamani, utakufa! Yule mama alijing'oa mwenyewe miezi miwili halafu anashangaa mbona anazidi kukauka.

Tena watu wanauruka mstari wa 17, ambapo Petro anawaonya wajihadhari wasije wakaanguka, kisha hapo hapo ndio anasema "lakini kueni". Yaani dawa ya kuanguka anayoitoa ni kukua ndani ya neema, sio kutoka nje ukangoje. Na kwa Kigiriki kitenzi hicho kiko katika hali ya kuendelea, endeleeni kukua, sio tukio la usiku mmoja pale madhabahuni.

Na anayesema ni nani? Habari ya kumkana Bwana mara tatu kila mtu anaijua. Ile ya Antiokia ndio hatuihubiri, Wagalatia 2. Hii ni baada ya Pentekoste, ameshahubiri watu wapata elfu tatu wakabatizwa, bado Petro anajitenga mezani na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kwa kuwaogopa Wayahudi waliotahiriwa, mpaka Paulo anamkemea mbele ya wote. Mtume huyo! Ndiye anakuandikia kueni, na anajua anachosema.

Kuna anayesema basi kama haiishi nifanye nitakavyo. Warumi 6 imeshamjibu, tudumu dhambini ili neema izidi? Hasha! Siongezi.

Sasa, msomaji makini ataniambia pasta, mbona Petro huyo huyo, 2 Petro 1:2, anaomba neema iongezwe, na Yakobo 4:6 inasema Mungu hutujalia neema iliyozidi? Swali zuri, na hapa ndipo walimu wengi tunapita mbio. Mimi naelewa hivi: neno neema linabeba vitu viwili. Kuna kibali, vile Mungu anakukubali kwa ajili ya Kristo, hicho hakipandi wala hakishuki, Efeso 2:8 imekifunga. Halafu kuna msaada, nguvu anayokupa ya kuishi, hiyo ndio inazidi, na angalia inazidi kwa nani: wanyenyekevu, sio waliojaza mita. Paulo alimsihi Bwana mara tatu aondolewe mwiba, yale mateso ya mwilini mwake, akajibiwa neema yangu yakutosha, mwiba ukabaki. Ukichanganya hivyo viwili ndio unaanza kudhani siku uliyokosa nguvu Mungu pia amekukataa.

Maombi, Neno, ushirika, Meza ya Bwana, hizo ni njia za kupokea, sio malipo. Mnazijua.

Na niseme ukweli, Waebrania 6 bado inaninyima usingizi, wale walioonja kipawa cha mbinguni wakaanguka, inasema haiwezekani kuwafanya upya watubu. Nimesoma maelezo ya pande zote na hakuna lililonituliza kabisa. Pia sijui kwa nini watu wawili wanakaa benchi moja, mahubiri yale yale, mmoja baada ya mwaka amebadilika mpaka majirani wanauliza, mwingine miaka kumi ni yule yule. Marko 4 inasema mbegu humea wala mkulima hajui jinsi, na mimi hapo ndipo nilipo.

Yule mama nilimwambia Jumapili ni Meza, uje. Akauliza, na mwenye nyumba? Nikamwambia nenda kamwombe msamaha, lakini usiende kama anayenunua tokeni, Tito 2 inasema neema yenyewe ndio inayotufundisha, hiyo aibu unayoiona ni mafundisho, haijakuacha. Ijumaa alienda. Mwenye nyumba hakumjibu hata neno, alifunga mlango. Jumapili nilimwona, amekaa nyuma karibu na mlango, bado na aproni ya biashara, na mkate ulipofika kwake alinyoosha mkono.